Usikicheke Chamshakinywa cha Mwenzio

Kuna kejeli moja iliyozoeleka mno midomoni mwetu sisi watu wa mwambao, na kwa sababu imezoeleka hatuihesabu tena kuwa ni kejeli. Nayo ni kuwacheka watu wa bara kwa kile wanachokila asubuhi. Kijana wetu akipata kazi Kitale au Bungoma, kisha akarudi nyumbani kwa likizo, hata mizigo haijafunguliwa huulizwa: “Ehe, na huko mwala nini?” Naye, kwa kuwa ajua kinachotakiwa na wasikilizaji wake, hujibu: “Huko? Ni chai na viazi! Viazi vitupu, havina nazi, havina iliki, na chai imetiwa sukari mpaka kijiko chasimama.” Hapo baraza zima huangua kicheko, na kila mmoja huondoka ameridhika kwamba ustaarabu wa kula ulianzia kwao na kwao ndiko uishiako.

Tusidhani, lakini, kwamba kicheko hicho chatoka upande mmoja tu. Mtu wa Bungoma aliyefika Mombasa kwa mara ya kwanza, akaandaliwa mahamri kwa mbaazi za nazi, naye ana lake la kusimulia akirudi kwao. Husema ameona watu wazima, wenye akili zao, wakichovya andazi tamu linalonukia iliki ndani ya mchuzi wenye chumvi na bizari, na wakalamba vidole. Na ikiwa alifika asubuhi ya Idi akaletewa sahani ya tambi zilizopikwa kwa sukari, nazi na zabibu kavu, basi hadithi yake huwa ndefu zaidi, na huko Bungoma nako baraza huangua kicheko.

Huenda msomaji akauliza, je, hayo ni mambo ya kuandikwa gazetini? Sisi twasema ndiyo, tena yana uzito. Kwanza, kicheko juu ya chakula cha mtu ni kicheko juu ya mama yake aliyempikia. Pili, katika kuchekana huko pande zote mbili zaanza kuona haya kwa vyakula vyao vya asili, na yule anayefaidika si mtu wa mwambao wala wa bara, bali ni mkate mweupe wa dukani na mfuko wa sukari. Tatu, nchi yetu sasa ni ya watu wanaohamahama kwa kazi, masomo na ndoa, na ambaye hawezi kukaa mkekani na mwenziwe asubuhi hawezi kukaa naye katika jambo jingine lolote.

NENO MOJA, MAANA MOJA

Tuanze na lugha, maana lugha aghalabu huhifadhi yale tuliyoyasahau. Chakula cha asubuhi tumekiita chamshakinywa. Wenzetu wa Tanzania hupenda kukiita kifungua kinywa. Na wapo wazee wetu wanaokiita staftahi, neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ile ile ya kufungua. Waarabu wenyewe chakula hicho hukiita kwa neno linalotoka katika shina moja na neno letu futari. Maana yake ni kuwa yule anayefuturu jua likichwa na yule anayekunywa chai jua likichomoza wanafanya tendo moja: wanafungua kinywa kilichofungwa.

Sasa na tutazame ni kwa nini wafungua kinywa wa mwambao. Katika mwezi wa Ramadhani, mkeka ukitandikwa, utaona nini? Utaona muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi za sukari, uji uliotiwa pilipili manga, na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui na iliki. Naam, viazi vitamu! Kiazi kile kile tulichokicheka Bungoma ndicho tunachokipa heshima ya kufungulia saumu yetu. Tofauti ni tui na iliki, na tofauti hiyo haikuletwa na ustaarabu bali na ardhi. Mnazi ni mti wa joto na pepo za bahari. Haukuumbiwa baridi ya milimani.

Lipo na neno jingine la kutufunga midomo. Wabukusu wa Bungoma, na Waluhya kwa jumla, husifika kwa kunywa chai asubuhi pamoja na ugali uliobaki jana. Watu wa Pwani hulisimulia jambo hili kana kwamba ni kioja. Je, sisi tumesahau mwiku? Neno hili la Kiswahili fasaha, lenye maana ya chakula cha jana kinacholiwa asubuhi, halikuletwa na mtu wa bara. Ni letu, na tulikuwa nalo kwa kuwa jambo lenyewe tulikuwa nalo: wali wa jana, mkate wa jana, samaki wa jana, na chai ya kuushushia. Watu wasiokula chakula cha jana asubuhi hawangekuwa na haja ya kukipa jina.

ASUBUHI YA KITALE NA BUNGOMA

Ili kukielewa chakula cha mtu sharti uielewe nchi yake. Mji wa Kitale umo kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma iko chini kidogo, kiasi cha mita 1,400, katika nchi yenye rutuba inayopitiwa na mto Nzoia. Asubuhi za huko zina umande na baridi, na mkulima hutoka na jembe mapema, akafanya kazi mpaka jua lipande. Mtu huyo hawezi kwenda shambani kwa kikombe cha kahawa na tende mbili. Ahitaji kitu kitakachokaa tumboni.

Hapo kale kitu hicho kilikuwa ni uji wa wimbi. Wimbi ni nafaka ya Kiafrika hasa, iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda maelfu ya miaka iliyopita. Rangi yake ni ya udongo mwekundu, na uji wake, ukiachwa uchachuke kidogo au ukikamuliwa ndimu, hulainisha koo na kulijaza tumbo. Pamoja na uji huo paliliwa viazi vitamu vya kuchemsha, maboga, ndizi, mahindi mabichi ya msimu, na njugu zilizokaangwa. Huko kwenye mitelemko ya Elgon palikuwa na asali, na kwa Wasabaoti na Wapokoti palikuwa na maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa au majivu ya miti maalumu. Maziwa hayo ya majivu ya Wapokoti hii leo yamesifiwa mpaka Ulaya, na jumuiya ya Slow Food ya Italia imeyaweka katika orodha ya vyakula vinavyostahili kuhifadhiwa duniani.

Kisha mambo yakabadilika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa Kizungu walipewa mashamba makubwa katika nchi ya Trans Nzoia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Vibarua walioajiriwa kutoka kila upande walilipwa sehemu ya ujira wao kwa posho, yaani unga wa mahindi meupe. Hivyo ndivyo hindi lilivyolisukuma wimbi pembeni. Mwaka 1956 kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa huko huko Kitale, na katika miaka ya 1960 mbegu chotara za mahindi zikaenea na kuifanya sehemu ile ghala la chakula la Kenya. Baada ya Uhuru walikuja wenye kununua mashamba na kupewa vipande vya ardhi: Wabukusu na Waluhya wengine, Wakikuyu, Wakisii, Wakalenjin, Waturkana. Ukipita sokoni Kitale asubuhi utaona chamshakinywa cha makabila yote hayo kikiuzwa ndani ya hatua mia.

Na chai? Chai ni mgeni kwao kama ilivyo kwetu. Mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na ilichukua miaka mingi kabla ya majani yake kuingia katika sufuria za wenyeji. Lakini ilipoingia Bungoma ilipokewa kama bibi harusi. Hupikwa na maziwa mengi tangu mwanzo, haichanganywi mezani kama wafanyavyo Waingereza, na sukari haikupimwa kwa ubahili, kwani nchi ile ni ya miwa. Kiwanda cha Nzoia kiliundwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978, na kabla yake Mumias, jirani yao, ilikwisha kuanza mwaka 1973. Pia kuna vinu vidogo vidogo vinavyochemsha maji ya miwa na kutoa sukari guru, ambayo hutiwa katika chai na uji. Neno guru lenyewe ni la Kihindi, nasi wa mwambao twalitumia vile vile. Basi chai tamu juu ya kiazi kitamu si kioja. Ni historia ya nchi ile ndani ya kikombe na sahani.

BABU ZETU WALIKULA HUKO HUKO

Wale wanaosema kwamba vyakula vya huko haviliki na mtu wa mwambao hawajasoma habari za babu zao. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara kutoka Pwani ilipanda hadi Mumias, katika ufalme wa Wanga, mwendo mfupi tu kutoka Bungoma ya leo. Mzungu Joseph Thomson alipofika huko mwishoni mwa mwaka 1883, mahali hapo tayari palijulikana kwa jina la mfalme wake, Shiundu, na tayari palikuwa ni kituo cha misafara ya Waswahili. Misafara hiyo ilijaza akiba yake ya chakula huko. Haikubeba nazi kutoka Mombasa. Walikula nafaka na viazi vya wenyeji, wakaoa huko, wakasalisha huko, na Uislamu ukaingia katika nyumba ya mfalme mwenyewe. Mpaka leo Mumias ni mji wenye Waislamu wengi na misikiti ya miaka mingi. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kama wazee wale wangeanza kwa kukicheka chakula cha wenyeji wao, ni nani angewasikiliza walipotaja dini?

Na hao wenyeji hawakuwa watu wa kukosa adabu ya kupokea wageni. Salamu yao ni Mulembe, maana yake amani, na anayesalimiwa hujibu kwa amani ile ile. Sisi ambao salamu yetu nayo ni ya amani tungepaswa kuwa wa kwanza kuifahamu.

Tuchukue mfano wa kijana wa Mji wa Kale aliyepata kazi ya benki Bungoma, akapanga chumba katika uwanja wa mama mmoja mtu mzima. Asubuhi ya kwanza mama yule amletea sinia: viazi vinatoka moshi, bilauri ya chai ya maziwa, na njugu kidogo kwenye kisahani.

“Shikamoo, mama. Ahsante, lakini mimi asubuhi sili vitu vizito.”

“Mulembe, mwanangu. Kwani kwenu viazi havioti?”

“Vyaota, mama. Lakini sisi twavipika kwa nazi.”

“Basi lete hiyo nazi nikupikie. Mimi ninacho kiazi.”

Katika maneno hayo machache mama yule amemfundisha kijana wetu elimu yote ya kuishi na watu. Hakukasirika, hakukisifu chake wala hakukitukana cha mgeni. Alisema tu: mimi nina hiki, wewe una hicho, tuvitie chunguni pamoja. Jawabu lililobaki ni la kijana.

NI NANI MWENYE CHAKULA CHA AJABU?

Tukitaka kutafuta vyamshakinywa vya ajabu hatuna haja ya kusimama Bungoma. Uholanzi, nchi ya watu wenye viwanda na benki, wakubwa kwa wadogo hupaka mkate siagi na kuunyunyizia punje za chokoleti, wakala asubuhi wakaenda kazini. Wahispania huchovya vijiti vya unga vilivyokaangwa ndani ya chokoleti nzito ya moto. Wafilipino hupika wali wa chokoleti ukawa kama uji, kisha wakaula pamoja na samaki mkavu wa chumvi. Wamarekani humwagia chapati zao shira ya mti na kuziweka sahani moja na mayai na nyama. Wagujarati, na tunao majirani zetu Mombasa kama vile walivyokuwako madukani Kitale, asubuhi yao ya raha ni jalebi tamu na vitafunio vya unga wa dengu vyenye chumvi.

Na jamaa zetu wa Ghuba je? Huko Imarati na nchi jirani zake asubuhi hupikwa chakula kiitwacho balalit: tambi za sukari zilizotiwa iliki, zafarani na marashi mawaridi, na juu yake likafunikwa yai lililokaangwa kwa chumvi. Mtu wa Mombasa akikiona chakula hicho hucheka kwa furaha, maana amewatambua binamu wa tambi zake. Mtu wa Bungoma naye akikiona atasema hawa na wale wa Mombasa ni wamoja katika kuchanganya mambo. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kisha tujiulize, katika hivyo tuviitavyo vya kwetu, ni kipi hasa cha kwetu? Mnazi ulivuka bahari kutoka Asia. Mchele wa pilau na vitumbua vyetu vingi asili yake ni Asia. Mbaazi ni za Bara Hindi, na iliki kadhalika. Muwa ulianzia visiwa vya Guinea Mpya huko mashariki ya mbali. Muhogo, hindi na kiazi kitamu vilitoka Amerika. Lau kila mgeni angeondoka na kurudi kwao, sinia ya mahamri na mbaazi ingebaki tupu. Ilhali lile bakuli la uji wa wimbi, tunaloliona la kishamba, lingebaki limejaa, kwani wimbi ni mzaliwa wa bara hili la Afrika. Hatusemi haya ili kukitoa thamani chakula cha mwambao. Kukipokea cha mgeni, kukilea na kukipa ladha yako ni ufundi, na ufundi huo twaujua kuliko wengi. Twasema tu kwamba aliyejengewa nyumba kwa matofali ya kuazima asitembee akihesabu matofali ya jirani.

ADABU YA MKEKANI

Katika jambo hili dini yetu haikutuacha gizani. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakupata kukitia kasoro chakula chochote: alipokitamani alikula, na asipokitamani alikiacha. Imepokewa pia kisa cha mjusi wa jangwani aliyeletwa amechomwa katika nyumba ya Bibi Maimuna. Mtume alivuta mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alieleza kwamba sivyo, ila mnyama huyo hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid bin Walid akamvuta akamla, na Mtume akitazama.

Tazameni hekima iliyomo. Mambo matatu yametengwa, nasi kila siku tunayachanganya: la kwanza ni halali na haramu, la pili ni mazoea ya nchi, la tatu ni matamanio ya nafsi. Mtu wa mwambao anaweza kusema kwamba kumbikumbi wanaoliwa Bungoma msimu wa mvua hawali kwa kufuata madhehebu yake ya Shafii; hilo ni suala la fikihi, na wenye elimu wapo wa kuulizwa. Lakini kiazi, boga, ndizi, wimbi, njugu na maziwa havina suala. Huyo anayevisusa amesusa kwa mazoea yake tu, na mazoea si sheria. Anayo ruhusa ya kutokula. Ruhusa ya kucheka hana.

HATARI ILIYO MBELE YETU

Wakati sisi na wao tunachekana, kuna adui ameingia kwa mlango wa uani. Piga hodi leo asubuhi katika nyumba ya mfanyakazi Kitale, kisha piga hodi katika nyumba ya mfanyakazi Mombasa. Mara nyingi utakuta kitu kimoja: vipande vya mkate mweupe, mafuta ya kupaka, na chai ya sukari nyingi. Mama wa Kitale amechoka kuchemsha viazi ambavyo watoto wake wameambiwa ni vya watu wa shamba. Mama wa Mombasa amechoka kukuna nazi alfajiri, na nazi yenyewe bei imepanda. Ile mikate ya mofa ya unga wa mtama, iliyokuwa ikichomwa katika tanuri za udongo Lamu na Mombasa, vijana wangapi wanaijua? Wimbi linapotea Bungoma na mofa inapotea Lamu kwa sababu moja.

Na mkate huo mweupe hatuutawali sisi. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huletwa kwa meli kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipozuka mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda madukani mwetu, na andazi la Mombasa likapungua ukubwa kwa sababu ya mizinga iliyolia maelfu ya maili kutoka hapa. Lakini kiazi cha Bungoma hakikungoja meli yoyote. Kilikuwa ardhini, na aliyekilima alikifukua akakila.

Kuhusu sukari, hapa ndipo pande zote mbili zinapopaswa kuinamisha vichwa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu anayopata mtu kwa chakula chake, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hiyo, yaani kiasi cha gramu 25 kwa siku, kama vijiko sita vidogo. Pigeni hesabu: bilauri mbili za chai ya vijiko vitatu vitatu zimekwisha maliza haki ya siku nzima, na hatujagusa hamri, kaimati wala halwa. Na kisukari kimeingia katika nyumba zetu. Ni nadra kukuta ukoo wa mwambao usio na mgonjwa wake.

Lililo la ajabu ni kwamba utamu wa kiazi chenyewe, cha kuchemshwa na maganda yake, haumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa si utamu wa kuongezwa. Kilichokuwa kikichekwa ndicho kisicho na lawama katika sinia nzima. Tena viko viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa vilivyo na vitamini A kwa wingi, ambayo ni kinga ya macho na miili ya watoto wadogo. Katika miaka ya 2010 huko Bungoma na Busia kulikuwa na mpango wa kuwapa akina mama waja wazito waendao kliniki hati za kuchukulia miche ya viazi hivyo waipande majumbani. Na mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa wataalamu wanne, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, kwa kazi yao katika mazao ya namna hii. Wimbi nalo lina kalsiamu ya mifupa kuliko nafaka zote tulizozizoea, limelishinda hindi na mchele mbali kabisa. Basi dunia imekaa ikakitunukia kiazi, na sisi barazani tunakicheka!

LA KUFANYA

Hatupendi kulaumu bila ya kushauri. Kwanza, wenye mahoteli yetu, wa Mombasa hadi Malindi, wasione haya kuandika uji wa wimbi na viazi vya kuchemsha katika ubao wa asubuhi pamoja na mahamri na mbaazi. Wateja kutoka bara ni wengi katika miji yetu, na mgeni akiona cha kwao hutulia. Wenzao wa Kitale na Bungoma nao wajaribu mbaazi. Mbaazi husafiri kavu, na nazi siku hizi hufika kila soko.

Pili, akina mama na mabinti watakaoolewa bara, au watakaopokea wakwe kutoka bara, wabadilishane mapishi kabla ya kubadilishana lawama. Ndoa ngapi zimeanza kuingia ufa kwa sababu mke alisema chakula cha mamake mume hakina ladha? Kiazi cha Bungoma kwa tui la Kilifi ni chakula ambacho hakuna mkwe atakayekikataa.

Tatu, wazazi wapunguze sukari katika chai kidogo kidogo, kijiko kimoja kila mwezi, mpaka ulimi uzoee. Haifai kumzoesha mtoto utamu ambao baadaye daktari atamkataza.

Nne, walimu wa shule na wa madrasa wawape watoto kazi ya kuwauliza bibi zao walikula nini asubuhi walipokuwa wadogo, na kupikwa vipi, na kuyaandika. Mapishi ya mofa, ya vibibi, ya uji wa wimbi uliochachushwa, yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Na mwisho, Ramadhani ijayo, kila mwenye jirani au mpangaji wa kutoka bara, awe Mwislamu au asiwe, na ampelekee kibakuli cha viazi vya nazi. Kikirudishwa kibakuli hicho na uji wa wimbi ndani yake, msikiache mezani kikapoa. Kinyweni kwa bismillahi, na mkipenda ladha yake mwambieni aliyeupika.